Saa 3,600: Kwa Anayetaka Shahada ya Sayansi za Jamii Akiwa Kazini

Wanaoulizia shahada ya masomo huria huanza na ada. Wakishajibiwa, huuliza kama cheti chake kinatambulika. Kutoka hapo mazungumzo huhamia kwenye fomu na namna ya kulipia, na swali lililostahili kutangulia hubaki halijaulizwa: hizo saa za kusoma nitazitoa wapi?

Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ndani ya kazi hiyo mna kusikiliza mihadhara, kusoma peke yako, kuandika asaimenti, kwenda mafunzo kwa vitendo na kufanya mitihani. Ukizidisha unapata saa 3,600. Chuo hakikupunguzii hata moja kwa sababu una watoto wadogo au bosi mkali. Kinachokupa ni uhuru wa kuamua saa hizo uzitoe lini na ukiwa wapi.

Chukua mtu mwenye kazi ya kutwa. Akipata saa mbili kila siku ya kazi, iwe alfajiri kabla nyumba haijaamka au usiku watoto wakishalala, na nne za Jumamosi, ana saa 14 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, lakini toa misiba, homa, harusi za upande wa mke na za upande wa mume, wiki ya kufunga hesabu ofisini na ile safari ya kijijini isiyoepukika. Tuseme zinabaki 44. Saa 14 kwa wiki 44 ni saa 616 kwa mwaka, na kwa mwendo huo shahada inachukua karibu miaka sita. Anayesema atamaliza kwa mitatu ajue anatafuta saa 27 hivi katika kila wiki ya hizo 44, kama theluthi mbili ya ajira nyingine juu ya ile aliyonayo.

Hesabu hii ifanye kwa kalamu, kwa wiki yako halisi, kabla hujashika fomu. Usiandike wiki unayoitamani. Andika wiki iliyopita: ulirudi nyumbani saa ngapi, foleni ya Mbagala ilikula saa ngapi, nani aliugua. Ukiona unapata saa nane tu, hujakosa sifa za kusoma; umejua tu kwamba mwaka wa kwanza uchukue masomo machache. Kila chuo huria kina kikomo cha miaka ambacho mwanafunzi hatakiwi kukivuka, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye prospektasi, kwa kawaida katika kurasa ambazo hakuna anayezisoma. Zisome hizo kwanza.

Njia yenyewe si ngeni, wala si ya waliokosa nafasi kwingine kama baadhi ya watu wanavyopenda kunong'ona. Nelson Mandela alimalizia shahada yake ya kwanza kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, huku akiwa karani katika ofisi ya mawakili Johannesburg. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na leo kina vituo mikoani, Bara na Zanzibar, kwa hiyo mtu wa Songea au Bukoba halazimiki kuhamia Dar es Salaam ndipo awe mwanachuo. Kenya nayo ilitoa hati kwa chuo kikuu huria chake mwaka 2023, makao yake yakiwa Konza. Vyuo vya kawaida pia vina programu za jioni na za mtandaoni. Milango ipo, na hoja iliyobaki ni upi wa kwako.

Tuanze na sifa. Kwa Tanzania, aliyemaliza kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango cha juu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye stashahada anatazamwa GPA, kwa kawaida 3.0, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Asiyefika hapo hajafungiwa: Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi ambayo, ukiipita kwa GPA ya 3.0 na masharti mengine yaliyotajwa, inakupa sifa ya kuomba shahada. Wengi huiona programu hiyo kama adhabu ya mwaka mzima. Mimi naiona kama jaribio la bei nafuu la lile swali la saa. Kama mwaka huo mmoja wa masomo sita ya msingi ulikushinda kuupangia wiki zako, hiyo ni habari nzuri kuipata mapema. Kwa upande wa Kenya, sharti la jumla la shahada ni wastani wa C+ katika KCSE.

Masharti ya kila programu hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa TCU, na hubadilika. Usimtegemee binamu aliyedahiliwa miaka mingi iliyopita. Kama unatazama shahada ya chuo cha nje inayofundishwa mtandaoni, iulize TCU kwanza kama chuo hicho na njia hiyo ya kusoma vinatambuliwa, na uulize kwa maandishi. Anayeishi Muscat au Doha na anatarajia kurudi nyumbani kuomba kazi serikalini ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo kabla hajatuma hata dola moja.

Sasa, shahada ipi? Hapa ndipo ninapoona watu makini wakichagua kama wanaobahatisha. Maneno "sayansi za jamii" yanakusanya vitu visivyofanana: sosholojia, ustawi wa jamii, sayansi ya siasa, uchumi, saikolojia, maendeleo ya jamii. Sosholojia inakufundisha kuuliza kwa nini makundi ya watu hutenda yanavyotenda. Ustawi wa jamii ni taaluma ya kumhudumia mtu mmoja mmoja na familia, na ina mafunzo kwa vitendo yanayosimamiwa, yaani wiki ambazo hutaweza kuwa dukani kwako wala ofisini. Uchumi una hisabati, na programu nyingi zinadai ufaulu wake hata wa kidato cha nne. Wapo wanaokimbilia "sosholojia" kwa kuamini ni nyepesi, wakakutana na takwimu mwaka wa pili na kubaki wamepigwa butwaa.

Njia nzuri ya kuchagua ni kuanzia mwisho. Ingia kwenye matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na ya mashirika unayoyafahamu, ukakusanye matangazo ya nafasi unazozitaka: Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ustawi wa Jamii, mchambuzi wa sera, mratibu wa mradi. Soma sehemu ya sifa neno kwa neno. Shahada hutajwa kwa majina yake. Mara nyingine orodha hufungwa kwa maneno kama "au fani nyingine inayofanana", na nakushauri usijenge maisha yako juu ya maneno hayo, maana mwenye kuyatafsiri ni mtu mwingine, siku nyingine.

Kwa aliye tayari katika utumishi wa umma jambo hili ni zito zaidi. Mwalimu mwenye stashahada anayesoma sosholojia tupu ataongeza maarifa, lakini muundo wa utumishi wa walimu unatazama shahada yenye ualimu ndani yake. Akitaka kupanda kwa kutumia shahada hiyo mpya atalazimika kubadilishwa kada, na kubadilishwa kada ni safari yenye barua nyingi. Si kwamba asisome, asome akijua. Aende kwa ofisa utumishi wake, aulize shahada fulani itamfikisha wapi katika muundo, kisha aombe barua ya ruhusa ya masomo hata kama hatahama kituo. Barua hiyo aitunze. Siku ya kudai kupandishwa, karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Ada haihitaji maneno mengi, chuo kinaitangaza. Zinazoumiza ni gharama za pembeni: nauli ya kwenda kituoni, mahali pa kulala siku za mitihani, bando, kuchapa kazi, na safari za kukusanya data mwaka wa mwisho. Weka kando fungu la hizo tangu mwanzo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu usiuweke kwenye hesabu kama una ajira, kwa kuwa miongozo yake inamtaka mwombaji asiwe na ajira wala mkataba wa kazi unaomwingizia kipato. Lipa kwa kontroo namba iliyotolewa na mfumo wa chuo. Mtu yeyote anayekutaka utume ada kwenye simu yake ili "akuharakishie" ni tapeli, hata kama anavaa kitambulisho.

Ukishadahiliwa, kazi ya kwanza ni kujua namna ya kusoma, kwa sababu kusoma kwa kidato cha sita hakutakufaa. Kule ulizoea notsi za mwalimu na maswali ya miaka iliyopita. Vyuoni nako yapo madesa, yaani notsi fupi za kukariri, yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama karanga za kuonja, na anayeyategemea hupita baadhi ya mitihani. Lakini sayansi za jamii zimejengwa juu ya mabishano. Desa linakupa matokeo ya mabishano bila mabishano yenyewe, kwa hiyo swali likigeuzwa kidogo tu unabaki huna la kusema.

Mfano wa karibu ni Émile Durkheim, ambaye hutamkwepa ukisoma sosholojia. Desa litakuambia aliandika kuhusu kujiua mwaka 1897 na kwamba aligawa kujiua katika aina kadhaa, kisha litaziorodhesha. Ukikariri hivyo, ni mzigo wa majina. Fungua kitabu chenyewe ujiulize alikuwa anabishana na nani. Alibishana na waliosema kwamba tendo hilo, la siri kuliko yote, linaelezwa na wazimu, na damu ya ukoo au na hali ya hewa. Akajibu kwa majedwali: mbona viwango vinatofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya waliooa na wasiooa, na mbona tofauti hizo hazitikisiki kirahisi mwaka hadi mwaka? Kama ni jambo la kichwa cha mtu mmoja, kwa nini lina mpangilio wa kijamii? Ukishaliona hilo, zile aina zinakuja zenyewe, na unaweza hata kumpinga: takwimu zake zilitoka kwa makarani wa serikali, na familia ya Kikatoliki ilikuwa na sababu za kuficha chanzo cha kifo. Aliyeandika hivyo kwenye mtihani ameonyesha kwamba alisoma.

Basi kila unachokisoma kitafutie dai lake, ushahidi wake na mtu anayepingwa. Andika matatu hayo kwa Kiswahili, kwa maneno yako, nusu ukurasa tu, kisha ndipo uyaandike kwa Kiingereza, maana mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Nasisitiza mpangilio huo. Watu wengi wenye akili nzuri wanaandika majibu duni kwa sababu wanafikiri na kupambana na lugha kwa wakati mmoja. Fikiri kwanza kwa lugha inayokutii. Kama una mwenzako wa masomo, elezaneni mada kwa simu bila kutazama karatasi. Unapokwama ndipo hujaelewa.

Vitabu visikutishe. CODESRIA, lile baraza la utafiti wa sayansi za jamii lenye makao Dakar tangu 1973, linaweka machapisho yake mengi mtandaoni bila malipo, na humo utawakuta Waafrika wakibishana kuhusu Afrika. Taasisi ya REPOA ya Dar es Salaam nayo huweka tafiti zake wazi. Walter Rodney alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoikwamisha Afrika kilipotoka mwaka 1972; inashangaza kuona mtu anayesomea maendeleo jijini humo humo hajakigusa. Aliye karibu na Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ana meza, ukimya na taa, vitu ambavyo nyumba nyingi za kupanga hazina.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwanafunzi aliye kazini huambiwa ana hasara: amechoka, amezeeka kidogo, amesahau shule. Katika kemia huenda ikawa kweli. Katika sayansi za jamii ana kitu ambacho kijana wa miaka 19 aliyeko bwenini hana, nacho ni jamii yenyewe mbele ya macho yake kila siku. Muuguzi anajua ni nani huletwa hospitali akiwa amechelewa. Karani wa mahakama ya mwanzo anajua mashauri ya mirathi huanzia kwenye ugomvi gani. Mtendaji wa kata anajua mkutano wa kijiji unaamuliwa na nani kabla haujaanza.

Tatizo ni kwamba kujua kwa namna hiyo bado si ushahidi, na wahadhiri wanalijua hilo. Mwanafunzi mtu mzima hushindwa mahali pamoja pa kudumu: anaandika "kwa uzoefu wangu" kisha anatoa hukumu.

Tazama mfano. Afisa Maendeleo ya Jamii anashughulikia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anasoma shahada, na anataka kuandika utafiti wake wa mwisho. Anaamini kabisa kwamba vikundi vya wanawake vinarejesha vizuri kuliko vya vijana, kwa sababu wanawake ni waaminifu. Ameliona kwa macho yake.

Ajiulize mwenyewe maswali haya. Kurejesha "vizuri" ni kumaliza deni, au ni kulipa kila mwezi kwa wakati? Kikundi kilicholipa chote ila kwa kuchelewa miezi minne kinaingia upande gani? Vikundi vya vijana vilikopeshwa kwa ajili ya nini: bodaboda, ambayo inaweza kuibwa au kupata ajali siku moja, na vya wanawake kwa ajili ya biashara ndogo ambazo haziangamii kwa siku moja? Kiasi kilikuwa sawa? Vijana wangapi walihama mkoa wakawaachia deni waliobaki? Na je, mama aliyerejesha kwa wakati alilipa kutokana na faida, au alikopa kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ili asiaibike mbele ya wenzake? Kama alikopa kulipa, basi kile kilichoitwa uaminifu ni deni lililohamishwa, na hapo utafiti wenyewe umeanza kupendeza.

Rejista zipo ofisini kwake. Hilo ni jambo ambalo mtafiti wa kutoka mbali angelihangaikia kwa miezi. Hata hivyo kuwa nazo mezani si ruhusa ya kuzitumia: aandike kwa Mkurugenzi aombe kibali, afuate utaratibu wa chuo wa maadili ya utafiti, na majina ya wanakikundi ayaondoe. Kisha kuna mtego mwingine, wenye hila zaidi. Huyu ndiye anayefuatilia marejesho. Akienda na daftari kumhoji mdaiwa, "Samahani mama, naomba nikuulize kidogo habari za mkopo," atajibiwa kwa heshima zote, na hataambiwa ukweli hata nusu. Nani atamwambia mdai wake kwamba fedha ilinunua mabati? Afadhali afanyie utafiti kata au halmashauri asiyokuwa na mamlaka nayo, au atafute mtu asiyejulikana amfanyie mahojiano, na katika ripoti aeleze wazi nafasi yake. Muuguzi, mwalimu, polisi, wote wana tatizo hilo hilo. Cheo chako kinakufungulia makabati na kukufungia midomo ya watu.

Ukijifunza hili tangu mwaka wa kwanza, zile saa 3,600 zinaanza kupungua ukali, kwa sababu saa za kazini nazo zinafanya kazi ya masomo kimyakimya. Weka daftari dogo. Kila unapoona jambo linalojirudia kazini, liandike kama swali, usiliandike kama hukumu. Likifika somo la mbinu za utafiti, wenzako watakuwa wanatafuta mada; wewe utakuwa unachagua.

Takwimu ndizo huangusha wengi, na ndizo huzaa sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia. Dawa yake ni kuanza mapema na namba zinazokuhusu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka ripoti za sensa mtandaoni bure. Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120. Lakini chukua namba ndogo zaidi: wastani wa watu katika kaya moja ulikuwa 4.7 kwenye sensa ya 2012, na 4.3 kwenye ya 2022. Kaa na tofauti hiyo jioni moja. Uzazi umepungua? Vijana wanapanga chumba mapema badala ya kuishi kwa mjomba? Wageni kutoka kijijini hawapokelewi tena kwa muda mrefu? Na wastani huo unaficha nini kati ya Dar es Salaam na mikoa ya wafugaji? Kila swali kati ya hayo linahitaji jedwali jingine, na ukianza kulitafuta, umeshaanza somo la takwimu bila hofu. Programu za kuchambulia zipo za bure, kama R na PSPP, na KoboToolbox hukusanya majibu kwa simu hata pasipo mtandao. Usinunue programu ya wizi mtaani.

Kuna njia za mkato, na zinatafuta wateja kwa bidii. Wapo wanaoandika asaimenti kwa malipo, wapo wanaouza tafiti nzima zilizobadilishwa jina la wilaya. Vyuo vina mifumo ya kukagua kazi zilizonakiliwa. Programu za akili unde nazo zina shida yake: ukiziomba marejeo, zinaweza kukuletea kitabu kisichokuwepo duniani, chenye mwandishi, mwaka na kurasa. Zitumie kukuhoji au kukueleza dhana uliyokwama, usizipe kalamu. Sababu yangu kubwa si adhabu. Mtu anayelipa ada kutoka kwenye mshahara wake mwenyewe, akaiba usingizi wake mwenyewe, kisha akamlipa mwingine ajifunze badala yake, amejidhulumu mara tatu.

Upweke utakuja. Usiuchukulie kama dalili kwamba umekosea. Tafuta watu watatu au wanne wa kituo chako mnaosoma masomo yale yale, mkutane ana kwa ana angalau kila mwezi; kundi la WhatsApp la watu mia mbili ni la matangazo na salamu za Ijumaa. Nyumbani, saa yako ya kusoma iwe inajulikana na haibadiliki. Saa kumi na moja alfajiri ni nzuri kuliko saa tano usiku kwa watu wengi, kwa kuwa alfajiri hakuna anayekuomba kitu. Mwenzi wako aelezwe tangu mwanzo kwamba ni miaka kadhaa. Anayefichwa ukubwa wa mzigo hataubeba.

Na mambo yakizidi, ahirisha kwa barua. Mtoto akilazwa, ukihamishwa kituo, biashara ikiungua, andika kwa chuo uombe kuahirisha mwaka au kupunguza masomo, utunze nakala yenye muhuri. Anayetoweka bila taarifa hurudi akakuta ana mitihani ambayo hakuifanya, ada inayodaiwa, na pengine ameshadisko, yaani ameondolewa masomoni. Aliyeahirisha kwa utaratibu hurudi pale alipoachia. Unyumbufu wa masomo huria uko hasa katika kanuni hizo za kuahirisha na kurudia, na ni haki yako kuzitumia bila aibu.

Basi kabla ya kulipa chochote, nenda kituo cha chuo kilicho karibu nawe siku ya kazi, asubuhi. Omba prospektasi ya mwaka huu, ratiba ya mitihani ya mwaka uliopita, na nafasi ya kuzungumza na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili anayefanya kazi kama wewe. Mwulize amelala saa ngapi jana. Linganisha tarehe za mitihani na msimu wa kazi yako, na kama zinagongana, zungumza na mwajiri wako mwezi huu, usingoje wiki ya mtihani. Kituo kikishindwa kukupa hayo matatu, uliza kwenye chuo kingine.